Shokapu Moja au Mbili: Namna ya Kuchagua Baiskeli ya Milimani

Mtu anayetafuta baiskeli ya milimani hukutana na swali moja kabla hata hajaulizwa habari za gia, breki wala ukubwa wa magurudumu: anataka yenye shokapu mbele tu, au yenye shokapu mbele na nyuma? Aina ya kwanza nitaiita shokapu moja na ya pili shokapu mbili, ingawa katika matangazo ya mauzo utazikuta kwa majina ya haditeli na fulusaspensheni, na ingawa wapo wanaopendelea kusema shokomzoba. Foku ya mbele, yaani uma unaoshika gurudumu, ina miguu miwili, lakini katika hesabu hii ni shokapu moja.

Jibu langu nitalitoa mapema. Kwa mwendeshaji wa Afrika Mashariki mwenye uwezo wa kununua baiskeli moja tu, shokapu moja iliyotengenezwa vizuri humfaa kuliko shokapu mbili ya bei ileile, mpaka hapo mambo mawili yatakapokuwa kweli kwa pamoja: kwamba njia anayoipita kila wiki, si ile anayoiota, ina miteremko ya mawe na mizizi, na kwamba anamjua mtu atakayeifungua shokapu ya nyuma siku sili zake, ile mipira inayozuia hewa na mafuta kuvuja, zitakapochoka. Yanayofuata ni maelezo ya namna ya kujua kama umefika hapo, na namna ya kununua na kurekebisha aina yoyote utakayoichagua.

Gurudumu la nyuma linapogonga jiwe

Tuchukue jiwe la ukubwa wa ngumi lililolala katikati ya njia. Foku ya mbele ikilifikia, hujikunja na kulimeza, na usukani husogea kidogo tu. Kufumba na kufumbua, gurudumu la nyuma nalo linalifikia. Kwenye shokapu moja gurudumu hilo limeshikamana na fremu, na fremu imeshikamana na kiti. Basi gurudumu likipanda, kiti nacho hupanda, na aliyekikalia hurushwa. Ndiyo maana mwendeshaji wa shokapu moja husimama juu ya pedali, magoti na viwiko vikiwa vimelegea, akaiacha baiskeli icheze chini yake. Miguu yake ndiyo shokapu ya nyuma, na miguu huchoka.

Kwenye shokapu mbili, sehemu ya nyuma ya fremu imeunganishwa na ya mbele kwa viungo vyenye beringi, kwa hiyo gurudumu hupanda peke yake, shokapu ikajikunja, kisha gurudumu likarudi chini upesi kuifuata ardhi, huku mwili wa mwendeshaji ukiendelea na safari yake kana kwamba jiwe halikuwapo. Wengi hudhani faida ya jambo hili ni starehe ya makalio. Starehe ipo, lakini kubwa zaidi ni kwamba tairi halibanduki ardhini. Tairi lililo hewani halina breki, halikati kona, wala halikusukumi juu ya mlima wenye mizizi, na mwenzako anayekuacha kwenye mteremko wa mawe akiwa na shokapu mbili huenda hakuzidi ujasiri hata kidogo. Amekuzidi tairi moja lililoshika ardhi.

Gharama ya ufundi huo huonekana kwenye kupanda. Kila mguu unaposhindilia pedali, sehemu ya nguvu huishia kuikunja shokapu, na baiskeli huinama na kuinuka kama mashua iliyofungwa gatini. Watengenezaji wamelipunguza tatizo hilo kwa kuvipanga viungo vya nyuma ili mvuto wa mnyororo wenyewe uizuie shokapu isijikunje unapopiga pedali, na baiskeli nyingi huwekewa swichi ya kuikaza au kuifunga kabisa. Kwenye baiskeli nzuri za miaka ya karibuni limebaki tatizo dogo. Kwenye zile za zamani, na kwenye za bei ndogo za wakati wowote, bado lipo lote.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji sana. Shokapu moja inapogonga kitu, mbele hushuka na nyuma hubaki palepale, hivyo baiskeli nzima hupiga kichwa chini na pembe ya foku husimama wima zaidi wakati uleule ambao ungependa ilale. Kadiri foku inavyokuwa na mwendo mrefu, yaani umbali inaoweza kujikunja, ndivyo badiliko hilo linavyokuwa kubwa. Kwa sababu hiyo shokapu moja nyingi zina foku yenye mwendo wa milimita 100 hadi 140, na anayefunga foku ya milimita 160 kwenye fremu iliyokusudiwa 100, akidhani ameiboresha, huwa ameivuruga, tena ameielemea shingo ya fremu kwa nguvu ambayo haikujengwa kuihimili. Shokapu mbili hushuka pande zote mbili karibu kwa pamoja, na ndiyo sababu inaweza kubeba milimita 150 au 170 bila kupoteza utulivu, na zile za mashindano ya kuteremka tu hufika 200.

Ukitaka kuona jinsi aina hizi zinavyoweza kukaribiana, zikumbuke mbio za wanaume za Olimpiki ya London ya mwaka 2012, zilizofanyika Hadleigh Farm, Essex. Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki aliendesha shokapu mbili yenye magurudumu ya inchi 29, na Nino Schurter wa Uswisi aliendesha shokapu moja yenye magurudumu ya inchi 27.5. Baada ya karibu saa moja na nusu, Kulhavý alimpita katika mzunguko wa mwisho akashinda kwa sekunde moja. Miaka minne baadaye, Rio de Janeiro, Schurter aliitwaa dhahabu akiwa juu ya shokapu mbili. Njia za mashindano zilikuwa zinazidi kuwekewa mawe na miruko, na baiskeli zikafuata njia. Hilo ndilo la kuiga kutoka kwa mabingwa: walianza na njia, ndipo wakachagua baiskeli.

Iandike njia yako

Chukua karatasi uandike safari zako nne za mwisho, au kama bado huna baiskeli, safari unazoweza kuzifanya ukianzia mlangoni kwako bila kupanda gari. Kwa kila moja kadiria kilomita za lami, za barabara ya vumbi, na za njia ya miguu. Kisha, katika hizo za njia ya miguu, hesabu ni mara ngapi ulishuka ukakokota baiskeli kwa sababu ya mawe au mizizi, si kwa sababu ya kukosa pumzi. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo inayoihusu shokapu ya nyuma; nyingine zote zinahusu gia, matairi na mazoezi.

Nitoe mifano. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami inayojipinda ukutani mwa Usambara. Ni mlima mtupu, na shokapu ya nyuma huko ni mzigo unaoubeba bure. Ukishafika Lushoto, barabara za udongo mwekundu zinazopita vijijini, hata ile ndefu ya kwenda Mtae, bado ni za shokapu moja. Lakini shika njia za miguu zinazoshuka pembezoni mwa msitu wa Magamba baada ya mvua, ambako mizizi imekatiza njia kama ngazi zilizojengwa na mlevi na udongo umekuwa sabuni, ndipo utaelewa kwa nini watu huilipia ile shokapu ya pili. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ambako mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, ni vumbi la volkano na kokoto kwenye sehemu iliyo tambarare kwa kiasi kikubwa, na shokapu moja inatosha kabisa. Msitu wa Karura jijini Nairobi ni njia laini zenye mizizi hapa na pale. Vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vina mchanga, na mchanga hauna habari na shokapu. Unataka tairi pana lenye upepo mdogo.

Barabara za changarawe zenye vituta vidogo vidogo vilivyofuatana, vile vinavyotikisa meno kwa kilomita nyingi, huwachanganya wanunuzi wengi. Ni kweli shokapu ya nyuma hupunguza adha hiyo. Hata hivyo, kabla hujainunua kwa ajili ya barabara hizo peke yake, jaribu matairi mapana, maana yatakuondolea sehemu kubwa ya mtikisiko kwa gharama ndogo sana. Mwenye mgongo mbovu namtoa katika kanuni hii. Kama daktari amekwisha kukuonya kuhusu pingili zako, au umri umekuwekea mipaka, shokapu mbili ni haki yako hata kama hupiti penye jiwe, na usiruhusu kijana yeyote wa kikundi cha baiskeli akucheke.

Fikiria pia utakachobeba. Fremu ya shokapu moja ina nafasi kubwa katikati, ambayo huingia chupa mbili za maji au mfuko mzima wa safari, na nyingi zina matundu ya kufungia keria. Kwenye shokapu mbili nafasi hiyo imeliwa na shokapu na mikono yake, chupa huingia moja tena kwa shida, na keria ya kawaida haiwezi kufungwa kwa sababu sehemu ya nyuma inapanda na kushuka. Kama Jumamosi unapanda mlima na Jumatatu unampeleka mtoto shule na kurudi na unga, suala lako limekwisha.

Fedha, uzito na kinachokuja baada ya kununua

Kiwanda kina bajeti moja kwa kila baiskeli. Kikilazimika kutoa humo gharama ya shokapu ya nyuma, viungo, beringi na fremu iliyo ngumu zaidi kuitengeneza, kitabana kwingine, na wa kwanza kubanwa ni foku na breki, yaani vitu viwili unavyovitegemea zaidi kwenye mteremko. Kwa fedha ileile, kwa hiyo, shokapu moja huja na foku bora, breki bora, na huwa nyepesi kwa kilo moja na nusu hadi mbili na nusu. Katika masoko ya Ulaya na Marekani shokapu moja ya kutegemewa huanzia karibu dola 800 hadi 1,000, na shokapu mbili ya kutegemewa karibu dola 2,000. Huku kwetu usafirishaji na ushuru huzipandisha zote, lakini pengo kati yake hubaki.

Kuna bidhaa moja ambayo sina maneno mazuri juu yake, nayo ni shokapu mbili mpya ya bei ya chini kabisa, ile inayong'aa kwenye lango la duka kubwa. Shokapu yake ya nyuma ni springi ya chuma tupu isiyo na mafuta ndani ya kuidhibiti, viungo vyake vina bushi za plastiki badala ya beringi, na baiskeli nzima inaweza kufika kilo 17 au 18. Ukipanda inakuvuta nyuma, ukiteremka inakurusha kama godoro la springi, na baada ya mvua moja ya masika huanza kulia kila unapopiga pedali. Phoenix ya keria itakufikisha mbali zaidi.

Hata shokapu mbili nzuri haimalizwi kulipiwa siku ya kununua. Mmoja wa watengenezaji wakubwa wa shokapu, RockShox, huagiza kwamba sili na mafuta ya sehemu ya chini ya foku, pamoja na chumba cha hewa cha shokapu ya nyuma, vihudumiwe takriban kila baada ya saa 50 za kuendesha. Anayeendesha saa sita kwa wiki hufikisha saa hizo ndani ya miezi miwili. Mwenye shokapu moja ana foku tu ya kushughulikia. Mwenye mbili ana foku, shokapu ya nyuma, na viungo vya fremu ambavyo vumbi na tope letu huvitafuna mfululizo.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua shokapu mbili ya mtumba iliyonivutia kwa rangi yake. Jioni nilikuwa naijaza shokapu ya nyuma upepo, asubuhi naikuta imelala. Tatizo lilikuwa ni sili moja ya mpira isiyozidi upana wa pete ya kidole gumba, na hakuna duka nililoingia lililokuwa nayo. Nilisubiri miezi mitatu mpaka jamaa yangu aliyekuwa akirudi kutoka Ulaya alipoitia katika begi lake; pakiti yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko barua. Muda wote huo baiskeli ilikaa ukutani. Tangu hapo, kabla sijamshauri mtu anunue shokapu mbili, namwambia atafute kwanza pakiti za sili za shokapu ile ile, anunue mbili, aziweke kabatini, ndipo alipe baiskeli.

Foku kwanza

Uamuzi ukiwa shokapu moja, fedha yako kubwa iende kwenye foku. Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, ukandamize usukani kwa uzito wa kifua chako, kisha uachie ghafla. Foku nzuri hushuka kwa ulaini na kurudi taratibu, kana kwamba kuna mtu ndani anayeishikilia. Mbovu hurudi kwa kishindo na kuinua gurudumu. Anayeishikilia ni mafuta yanayopita kwenye matundu madogo, na foku yenye mfumo huo huwa na kitufe, mara nyingi chekundu, chini ya mguu wa kulia, cha kuongeza au kupunguza kasi ya kurudi. Foku isiyo na kitufe hicho iache.

Tazama pia unene wa mirija inayoteleza. Yenye kipenyo cha milimita 28 au 30 ni ya barabara za vumbi. Kuanzia 32 ndipo unapoweza kuzungumzia milima. Ekseli nene ya milimita 15 inayopita upande hadi upande huishika miguu ya foku isijipinde kwenye kona kuliko ile nyembamba ya kufungua haraka. Foku ya hewa ni bora kuliko ya springi kwa sababu unaweza kuipangia uzito wako kwa pampu, wakati springi moja haiwezi kumfaa mtu wa kilo 55 na wa kilo 95. Na kama fedha haitoshi foku nzuri, ni afadhali baiskeli yenye foku ya kawaida isiyo na shokapu kabisa pamoja na matairi mapana, kwa sababu angalau hiyo haikudanganyi.

Kuhusu matairi nitasema kidogo tu, ingawa yanastahili makala yao. Tairi la upana wa inchi 2.3 au 2.4 lisilo na tyubu, lililotiwa maji ya kuziba matundu, huendeshwa kwa upepo wa psi (kipimo cha shinikizo) 20 hadi 28 kutegemea uzito wako, na hapo huwa limekuwa shokapu ndogo. Penye migunga yenye miiba, maji yale huziba tundu kabla hujajua kwamba umechomwa. Ukibaki na tyubu, usishuke chini sana, maana rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kukuachia matundu mawili yaliyokaa sambamba kama ya meno ya nyoka.

Kuikagua shokapu mbili ya mtumba

Shokapu mbili nyingi zinazopatikana kwetu zimetumika Ulaya kabla ya kuletwa kwenye makontena, na miongoni mwake zimo nzuri sana. Ukaguzi wake hauhitaji kifaa zaidi ya rula na tochi, unahitaji dakika kumi na muuzaji asiye na haraka.

Simama nyuma ya baiskeli, magurudumu yote yakiwa chini. Shika kiti kwa vidole viwili ukiinue polepole mno, kama mtu anayeinua kifuniko cha chungu ili mvuke usimuunguze. Gurudumu la nyuma linapaswa kuondoka ardhini wakati uleule kiti kinapoanza kupanda. Kama kiti kinapanda milimita mbili au tatu na unasikia mgongano mdogo kabla gurudumu halijaondoka, kuna mahali panapocheza. Rudia huku kidole cha mkono wa pili kikigusa kila kiungo kwa zamu, nusu ya ncha ya kidole upande huu wa kiungo na nusu upande wa pili. Kiungo kinachocheza utakihisi kikigonga. Mara nyingi ni bushi za kwenye macho ya shokapu, yaani matundu ya bolti kwenye ncha zake, na hizo ni gharama ndogo. Zikiwa ni beringi za kiungo kikuu, kilicho karibu na pedali, omba punguzo la maana.

Beringi zenyewe zisikutishe. Nyingi ni za vipimo vya kawaida vya viwandani, kama 6900 au 6902, na namba huandikwa kwenye kifuniko chake. Ichukue namba hiyo hadi duka la beringi za mashine na mota, si duka la baiskeli, na mara nyingi utaipata. Bushi ya shokapu isiyopatikana, fundi mkereza vyuma anaweza kukuchongea ukimpelekea ya zamani kama mfano. Isiyochongeka ni shokapu yenyewe. Kwa hiyo pima umbali kutoka kitovu cha bolti ya juu hadi cha bolti ya chini, pamoja na urefu wa mwendo wa mrija wake. Vipimo vya zamani kama 190 kwa 50 au 200 kwa 57 vilianza kuachwa na watengenezaji wa baiskeli mpya mnamo mwaka 2016 vilipokuja vingine kama 210 kwa 55, na fremu ya kipimo kimoja haipokei shokapu ya kipimo kingine. Kama ukubwa wake huuoni ukiuzwa popote, hesabu kwamba unanunua baiskeli yenye uhai wa shokapu hiyo moja.

Mwisho pitisha ukucha kwenye mrija unaong'aa wa shokapu na wa foku. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, sili haitakaa hapo. Chunguza kwa tochi maungio ya fremu yaliyochomelewa, hasa karibu na viungo, ukitafuta mstari mwembamba mweusi ambao haufutiki kwa kitambaa. Ukiuona, achana na baiskeli hiyo hata ukipewa bure.

Kuipanga iendane na uzito wako

Baiskeli ikishakuwa yako, usiipeleke shokapu yake kwenye mashine ya upepo ya kituo cha mafuta. Chumba chake cha hewa ni kidogo na shinikizo lake ni kubwa, kwa shokapu ya nyuma mara nyingi hupita psi 150, na mashine ya gari haiwezi kulipima kwa usahihi wala kulifikia salama. Nunua pampu ndogo ya shokapu yenye saa ya kupimia upepo inayofika psi 300. Ni kifaa cha lazima, tena ukikiazima utakiazima kila mwezi.

Vaa viatu, kofia na mkoba wa maji kama unavyotoka safarini. Egemea ukuta kwa kiwiko, simama juu ya pedali zote mbili, kaa kitini taratibu, sukuma pete ndogo ya mpira iliyo kwenye mrija mpaka iguse sili, kisha shuka bila kudunda. Pima pete imesogea kiasi gani. Kwenye shokapu ya nyuma yenye mwendo wa milimita 55, pete iwe imesogea milimita 14 hadi 16, yaani kati ya asilimia 25 na 30. Kwenye foku ya milimita 120, iwe 18 hadi 24, ambayo ni asilimia 15 hadi 20. Imesogea zaidi, ongeza upepo psi tano tano. Imesogea pungufu, punguza. Kisha rekebisha kasi ya kurudi kwa kushuka ukingo wa barabara ukiwa umekaa: baiskeli ishuke, irudi mara moja, na itulie. Ikidunda mara ya pili, zungusha kitufe hatua moja moja kuelekea upande wa polepole.

Kwenye kuosha, maji ya mashine ya presha yasielekezwe kwenye viungo wala kwenye sili, kwa sababu huisukuma grisi nje na kuacha tope ndani. Ndoo, brashi na sabuni ya vyombo zinatosha. Mirija ifute kwa kitambaa kikavu baada ya kila safari. Ukimpa fundi wa mtaani baiskeli akusaidie, mwombe asiipake mirija oili chafu. Oili hiyo, inayofaa kwa mnyororo wa baiskeli ya mizigo, hukusanya vumbi na kuligeuza msasa unaokula sili kila shokapu inapojikunja. Baada ya safari mbili au tatu za kwanza, pitia bolti za viungo vyote vya nyuma kwa spana yenye kipimo, ukifuata namba za nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) zilizoandikwa pembeni mwa kila bolti, kwa kuwa ndipo zinapolegea.